Nusu Yako Pia Inapokelewa: Lengo Dogo Mbele ya Wasiwasi Mkubwa



Katika chama kimoja cha akina mama huko Kawangware kulikuwa na mama ambaye kwa miaka minne hakukosa mkutano hata mmoja. Alifika mapema, akaketi mbele, na mchango wake wa shilingi 200 ulikuwa umekunjwa tayari kwenye pindo la leso. Halafu akakosa mara moja. Akakosa mara ya pili. Alipokosa ya tatu wenzake wakaanza kunong'ona: huyu amepata chama kingine, huyu anatukwepa, huyu ameanza kuringa.

Tulimtembelea nyumbani kwake. Hakuwa na malaria wala hakuwa amesafiri. Tulimkuta ameketi kitandani saa nne ya asubuhi, na sukuma wiki ya kuuza imenyauka ndani ya karai. Akatuambia hivi: "Ile wiki ya kwanza nilikuwa na mia moja tu. Sikutaka kuja na nusu. Nikasema nitakuja nikiwa na yote. Wiki ya pili deni likawa mia nne, ya tatu mia sita. Sasa nitaanzia wapi?" Usiku alikuwa halali. Moyo ulikuwa unapiga mbio hata akiwa ameketi tu.

Mama huyu ametupa ruhusa kusimulia habari zake, nasi tumebadilisha baadhi ya mambo ili asijulikane. Tunaanza naye kwa sababu kila kikundi kina mtu kama yeye, na mara nyingi tunampoteza kabla hatujajua kilichompata.

Sisi wenyewe tulikosea siku ile ya kwanza. Tulimpa mawaidha: "Mama, usiwaze sana, mambo yatakuwa sawa." Akaitikia kwa adabu, akatupa chai, tukaenda zetu. Wiki iliyofuata tulimkuta vile vile. Tulikuwa tumemwambia aache kuwaza, lakini hatukumsaidia kuona afanye nini. Makala hii inaeleza yale tuliyojifunza baadaye, na jinsi kikundi chochote kinavyoweza kuyatumia.

WASIWASI NI NINI?

Mwili wa binadamu una kengele ya hatari. Ukisikia watu wanapiga kelele "Moto! Moto!" usiku, moyo hupiga haraka, pumzi hupanda juu, misuli hukaza, na unaruka kitandani kabla hujafikiria. Kwetu Kibera na Kawangware, ambapo nyumba za mabati zimebanana, kengele hiyo imeokoa maisha ya wengi. Kwa hiyo wasiwasi wenyewe si ugonjwa wala si aibu.

Taabu huanza pale kengele inapolia mchana na usiku, hata wakati hakuna moto. Mtu hukosa usingizi, au hulala na kuamka saa nane akianza kuhesabu madeni. Tumbo humsumbua, kichwa kinauma, mabega yanakaza. Anakuwa mkali kwa watoto. Anaanza kukwepa watu na mahali. Wengi wetu husema "niko na mawazo mengi" au "niko na presha," na wengine hununua dawa ya maumivu dukani kila siku kwa ajili ya kichwa ambacho shida yake si ya kichwa.

Tukumbuke pia kwamba sababu nyingi za wasiwasi wetu ni za kweli. Wale waliobomolewa nyumba Kibera mwezi wa Julai 2018 kupisha barabara hawakuota. Vurugu za uchaguzi zilizopita Kibera mwaka 2007 na 2008, na zile za Kawangware Oktoba 2017, hazikuwa hadithi. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia nyumbani mwa watu kweli. Hatumwambii mtu kwamba shida zake ni za kichwani tu. Tunachosema ni kwamba wasiwasi ukizidi humnyang'anya mtu nguvu zile zile anazohitaji kupambana na shida hizo.

KUTAKA KILA KITU KIWE SAWASAWA

Kuna namna moja ya wasiwasi ambayo hatuitambui upesi kwa sababu inafanana na sifa nzuri. Ni ile ya mtu anayetaka kila kitu kiwe kamili, bila dosari, la sivyo hataki kabisa.

Mfikirieni fundi cherehani anayeshona sare, anafumua, anashona, anafumua tena, mpaka mteja anachoka na kwenda kwa fundi mwingine. Mfikirieni mwanafunzi wa kidato cha nne anayelia kwa kupata B kwa sababu nyumba nzima inangoja A. Mfikirieni mweka hazina ambaye hesabu yake imepungua shilingi 20, naye badala ya kusema kwenye mkutano anakaa na kitabu nyumbani mwezi mzima. Na mfikirieni mama yetu, ambaye mia moja mkononi ilimfanya akose mkutano, kwa sababu si mia mbili.

Bidii ni kitu kingine. Mwenye bidii akikosea husahihisha na kuendelea. Mtu wa ukamilifu akikosea hujihukumu: "Mimi si kitu." Na kwa kuwa hukumu hiyo inauma, siku nyingine hataki hata kujaribu. Ndiyo maana mtu anayetaka kufanya yote vizuri sana mara nyingi huishia kutofanya lolote, halafu watu wanamwita mvivu.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, waliigawa tabia hii sehemu tatu. Ya kwanza ni mtu kujidai yeye mwenyewe ukamilifu. Ya pili ni kuwadai wengine, kama mzazi ambaye hakuna alama inayomridhisha. Ya tatu ni kuamini kwamba watu wengine wanakudai wewe uwe kamili, na kwamba ukikosea watakutupa. Tuishike vizuri hii ya tatu, kwa sababu tutaona hapa chini kwamba wakati mwingine mtu huyo hakosei: kikundi chake kweli kinamdai hivyo.

Kuna daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliyefanya kazi na akina mama wengi katika karne iliyopita. Alifundisha kwamba mtoto hahitaji mama asiye na kosa. Anahitaji mama wa kutosha: anayempenda, anayemlisha, na anayekosea mara kwa mara kama binadamu. Makosa madogo ya mama humfundisha mtoto taratibu kuishi katika dunia hii yenye makosa. Tunawaambia akina mama jambo hili kila tunapokutana, na tunaona mabega yao yakishuka.

YALIYOFANYIKA HAPA KWETU

Wengine wataona kwamba ushauri wa namna hii ni wa matajiri, wa kuketi kwenye kochi na kulipa daktari kwa saa. Tusikilize basi yaliyofanyika hapa hapa Nairobi.

Mwaka 2015, katika eneo la Dagoretti ambalo Kawangware imo ndani yake, Shirika la Afya Duniani na World Vision walijaribu njia fupi ya kuwasaidia akina mama wenye dhiki ya mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliotoa msaada hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, majirani tu, waliofundishwa kwa siku chache na kusimamiwa vizuri. Kila mama alikutana na mhudumu wake mara tano, mara moja kwa wiki, kwa saa moja na nusu. Akina mama 421 walishiriki. Nusu walipata njia hiyo, na nusu walielekezwa kwa wauguzi wa zahanati kama kawaida. Miezi mitatu baadaye, wale waliokutana na majirani wao waliofunzwa walikuwa wamepungukiwa na dhiki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Tofauti haikuwa muujiza, ilikuwa ya wastani. Lakini ilitokana na mikutano mitano tu.

Kibera nako, vijana walifanyiwa jaribio jingine. Mkenya Tom Osborn na wenzake walitengeneza mpango wakauita Shamiri, yaani kustawi. Wanafunzi 51 wa sekondari moja ya Kibera wenye dalili za wasiwasi au huzuni nzito waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma. La pili lilikutana mara nne, saa moja kila wiki, likiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzi juzi tu. Walizungumza mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu hukua kwa kujaribu na kukosea, shukrani, na yale ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha wasiwasi na huzuni vimepungua zaidi katika kundi la pili, na hata alama za darasani zikapanda. Jaribio kubwa zaidi la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha pia kwamba faida ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye.

Ndugu zetu wa Zimbabwe wamefanya jambo hili hili kwa miaka mingi. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati za Harare. Kwa lugha yao ya Kishona taabu hii inaitwa "kufungisisa," yaani kufikiria kupita kiasi. Nyanya hamwambii mtu la kufanya. Anamsikiliza, halafu wanachagua pamoja shida moja ya kushughulikia.

Tazameni kile ambacho njia hizi zote zinafanana. Ni fupi. Zinaongozwa na mtu wa kawaida aliyefunzwa. Na badala ya kuzunguka kwenye shida tu, zinamsaidia mtu kuchagua lengo lake mwenyewe.

NJIA YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Tuliza mwili kwanza. Mtu ambaye moyo wake unakimbia hawezi kupanga. Keti vizuri, weka mkono tumboni, vuta pumzi polepole ukihesabu hadi tatu mpaka tumbo liinuke, kisha itoe ukihesabu tena hadi tatu. Fanya hivyo dakika chache, asubuhi na jioni. Jizoeze siku ukiwa mtulivu, ili siku ya taabu mwili uwe unajua njia.

2. Toa shida kichwani, weka kwenye karatasi. Asiyejua kuandika atumie mawe au maharagwe, moja kwa kila shida. Halafu zigawe mafungu matatu: zile ninazoweza kuzifanyia kitu, zile ambazo siwezi kuzibadilisha, na zile ambazo kwa kweli si muhimu. Nguvu zetu tuzipeleke kwenye fungu la kwanza.

3. Chagua moja, na useme lengo lake waziwazi. "Nataka amani" ni neno zuri lakini halipimiki. Jiulize: nikipata amani, ni nini kitakachokuwa tofauti siku ya Jumatano? Lengo jema ni lako wewe, si la jirani wala la mfanyakazi wa jamii. Linahusu kitu utakachofanya, linaweza kuhesabiwa, na lina siku yake.

4. Likate mpaka liwe dogo. Jiulize: kati ya kumi, nina hakika kiasi gani kwamba nitaliweza wiki hii? Ukijibu tatu au nne, bado ni kubwa. Kata tena. Anza na lile ambalo una hakika ya nane. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Anza kutenda kabla ya kusikia vizuri. Wengi husema: "Nikipata nguvu nitatoka." Mara nyingi ni kinyume chake, nguvu huja baada ya kutoka. Rudisha kitu kimoja ulichokuwa ukikipenda: kuimba kwaya, kusuka nywele za jirani, kutembea hadi sokoni na rafiki.

6. Mwambie mtu mmoja. Mficha maradhi kilio humuumbua. Chagua mtu mmoja wa kuaminika atakayekuuliza wiki ijayo, bila kukuhukumu: "Umefika wapi?"

7. Pima, halafu rekebisha. Usipotimiza lengo, usiseme umeshindwa. Uliza: nini kilizuia? Lilikuwa kubwa mno? Kuteleza si kuanguka.

IGIZO LA KIKUNDI

Wale waliopitia semina za DELTA wanakumbuka kwamba igizo fupi hufundisha kuliko hotuba ndefu. Wachague wawili waigize mazungumzo haya, wengine wasikilize.

MHUDUMU: Hodi, mama. Tumerudi.

MAMA: Karibu, dada. Keti hapo, pole kwa vitu kutapakaa.

MHUDUMU: Usijali. Leo sikuja na mawaidha. Nataka tu kusikia. Kama hizi siku zingekuwa nzuri, kitu gani kingebadilika?

MAMA: Ningekuwa na amani.

MHUDUMU: Na ungejuaje kwamba amani imefika?

MAMA: (Ananyamaza kidogo.) Ningelala mpaka saa kumi, ile saa yangu ya kwenda sokoni. Sasa naamka saa saba naanza kuhesabu madeni.

MHUDUMU: Ukihesabu unapata ngapi?

MAMA: Aa, dada, hayahesabiki. Ni kama elfu kumi. Pengine zaidi.

MHUDUMU: Tuyaweke chini tuone. Hapa kuna karatasi.

MAMA: Nyumba ni 3,500. Duka ni 1,150. Chama ni 600.

MHUDUMU: Jumla?

MAMA: (Anahesabu mara mbili.) Elfu tano mia mbili hamsini. Ati ni hiyo tu?

MHUDUMU: Ni nyingi bado, mama. Lakini ina mwisho. Kati ya hayo matatu, lipi unaloweza kuanza nalo wiki hii?

MAMA: Duka. Yule mwenye duka si mkali. Naweza kumpa hamsini kila jioni.

MHUDUMU: Una hakika kiasi gani, kati ya kumi?

MAMA: Nane. Siku ya mvua ndiyo sijui.

MHUDUMU: Nane inatosha. Na chama?

MAMA: Chama siwezi, dada. Kule ukija na nusu unapigwa faini ya hamsini, na jina lako linasomwa mbele ya wote. Afadhali nisiende.

Igizo liishie hapo. Kikundi kinyamaze kidogo, kisha kiulize: tumeona nini? Nani ana shida hapa, mama au chama?

YALIYOTOKEA

Swali hilo la mwisho ndilo lililotugusa sisi. Tulikuwa tumedhani tunamsaidia mtu mmoja mwenye wasiwasi, kumbe sheria ya chama ndiyo iliyomfungia nje. Ilitungwa kwa nia njema, ili watu wasizembee. Lakini iliwafundisha wanachama kwamba nusu ni aibu. Mwenye mia moja alijificha, deni likakua, na chama kikakosa hata ile mia moja.

Kwa ruhusa ya mama, na bila kumtaja, tulikiomba chama kijadili sheria hiyo. Majadiliano yalikuwa marefu. Mama mmoja mzee alisema kwa ukali kwamba sheria ikilegezwa chama kitakufa. Mwingine akajibu kwamba hata yeye aliwahi kujificha wiki mbili, akasingizia msiba. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza. Mwishowe walikubaliana hivi: anayekuja na nusu atapokelewa, mweka hazina ataandika salio, na salio litalipwa kidogo kidogo kwa wiki sita. Majina hayasomwi tena. Faini imebaki kwa yule asiyekuja na asiyetuma habari.

Mama alirudi. Siku ile alikuwa na mia moja. Anasema kutoka nyumbani hadi mlangoni pa mkutano alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Wenzake walimsogezea benchi, basi.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Deni la duka alilolipa hamsini hamsini lilipaswa kuisha kwa siku 23. Lilichukua zaidi ya mwezi, kwa sababu wiki moja mvua ilinyesha na mboga zikaoza. Zamani, anasema, wiki kama ile angeacha kabisa. Safari hii alimwambia mwenye duka, "Leo nina ishirini," naye akaipokea. Kodi ya nyumba ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Ilimchukua wiki tatu kupata moyo wa kuongea na msimamizi wa ploti, na alipoongea alikubaliwa kulipa kwa awamu mbili. Tulipomtembelea mara ya tano alikuwa analala mpaka saa kumi siku nne kati ya saba. Tulimwuliza kama anaona ni kidogo. Akajibu: "Nne ni nne."

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, siri. Mtu akikufungulia moyo, habari zake si za kisimani wala za kwaya. Kikundi kinachopiga domo hakitaambiwa lolote tena.

Pili, msiwageuze watu miradi. Lengo lazima liwe lake. Tukimchagulia sisi, tunamwongezea mzigo mwingine wa kutimiza.

Tatu, njia hii haiondoi umaskini wala haichukui nafasi ya haki. Kama nyumbani kuna kipigo, kupumua polepole hakutoshi. Mtu huyo anahitaji usalama kwanza. Simu ya bure kwa wanaofanyiwa ukatili ni 1195, na kwa watoto ni 116.

Nne, tujue mpaka wetu. Mtu akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akikaa siku nyingi bila kula au kuoga, akizama kwenye pombe au dawa, au akisema hataki kuishi, hilo si la kikundi peke yake. Msimwache peke yake. Mpelekeni zahanati au hospitali, nao watamwelekeza inapohitajika. Kwa Kibera hospitali ya Mbagathi iko karibu. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, inatoa msaada wa ushauri. Na msiogope kumwuliza mtu waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamtua mzigo.

Zamani watu wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Anayefika hapo ni mtu wa kusaidiwa. Wambieni majirani jambo hili, wengi hawajalisikia.

KAZI YA MWEZI HUU

Tunaomba kila kikundi kitenge nusu saa katika mkutano mmoja kwa ajili ya maswali haya. Katibu aandike majibu, bila majina.

1. Kuna mwanachama yeyote ambaye hatujamwona wiki tatu? Nani atakwenda kumwona, na siku gani?

2. Katika sheria zetu, kuna ipi inayowafanya watu wajifiche badala ya kuja?

3. Nyumbani kwetu, tunawaambia nini watoto wanapoleta alama zisizotupendeza? Wao husikia nini?

4. Kila mmoja achague lengo moja dogo la wiki hii, ambalo ana hakika ya nane kati ya kumi, na amwambie mwenzake aliyeketi kulia kwake.

Mkutano ujao muulizane tu: "Umefika wapi?" Atakayesema amefika nusu, mpigieni makofi ya nusu iliyopatikana, halafu mpange pamoja nusu iliyobaki. Na akija mtu mlangoni na mia moja mkononi, msogezeeni benchi.